Ukimtafuta askari wa Ireland, anza na mama yake

Mama mkwe wangu ni mzaliwa wa Liverpool. Mwaka juzi alinikabidhi medali mbili za babu yake, zimefungwa kwenye leso, akaniambia anachojua ni kimoja tu: mzee alikuwa askari, Mwairishi, na hakupenda kuulizwa kwao ni wapi. Mimi nimekulia Tanga, ambako mtoto huulizwa "wa nani wewe?" kabla hata ya jina lake. Neno lile liliniuma, nikaianza kazi.

Kama nawe una medali ya vita vya 1914 hadi 1918, itazame ukingoni. Pamechapwa namba, cheo, jina na rejimenti. Usiisugue kwa dawa ya kung'arishia, herufi zitalika. Namba nayo usiinukuu peke yake: kabla ya 1920 kila rejimenti ilitoa namba zake, kwa hiyo wengi walikuwa na namba moja. Medali yetu ilisomeka Connaught Rangers, rejimenti ya Waairishi katika jeshi la Uingereza.

Hapo nikakosea, na kosa lenyewe lilinila miezi mitatu. Makao ya rejimenti hiyo yalikuwa kambi ya Renmore, Galway, magharibi mwa Ireland, nami nikamtafuta Galway. Nikampata mwenye jina lilelile, umri unakaribiana, nikafurahi. Hakuwa yeye. Kambi ya askari si kwao. Jalada lake la jeshi lingenisahihisha mapema, ila majalada mengi ya askari wa vita ile yaliteketea kwa mabomu jijini London, Septemba 1940, na lake sikuliona.

Kwa hiyo muweke askari kando, watafute wazazi. Cheti cha ndoa cha Uingereza kina jina la baba wa bwana harusi na kazi yake. Sensa ya huko ya 1921 inataja mtu alikozaliwa. Ya babu ilisema Swinford, kaunti ya Mayo, Ireland. Utaambiwa kumbukumbu za Ireland ziliungua zote Dublin mwaka 1922. Ziliungua nyingi mno, inasikitisha, lakini sensa za 1901 na 1911 zipo, na kuzisoma kwenye intaneti ni bure.

Ile ya 1911 ndiyo hazina. Wanawake walioolewa waliulizwa wamezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Nikaipata nyumba yenye jina la baba yule: mama kazaa kumi, wanane wako hai, waliomo ndani usiku ule ni watatu. Watano je? Usitegemee kumwona askari kwa jina lake, kwani hata waliokuwa kambini Ireland kwenyewe waliandikwa kwa herufi za mwanzo tu.

Vitabu vya vizazi vya Ireland vinaanza 1864, navyo vinataja kitongoji na jina la ukoo wa mama kabla hajaolewa. Nilifuata vizazi vya wazazi wale kimoja kimoja hadi nikamfikia: 1886, miaka miwili kabla ya ule aliokuwa akiutaja mwenyewe. Mtoa taarifa alikuwa mama yake. Palipotakiwa sahihi pana alama ya X. Mama mkwe aliiwekea kidole, akakaa hivyo kitambo.

Sasa tunamtafuta baba wa baba yake askari katika tathmini ya ardhi ya Griffith, ya 1847 hadi 1864, iliyoorodhesha wapangaji kitongoji kwa kitongoji. Chetu tunakijua.