Jaguar E-Type au Honda NSX: uliza kwanza nani atalitengeneza

Vijana wa kwetu walioko huku Uingereza, mambo yakishawanyookea, hunijia na swali hili: kati ya magari haya mawili ya michezo, Jaguar E-Type na Honda NSX, pesa iende wapi? Yote mawili nimeyashikia spana hapa Coventry, mji lilikozaliwa E-Type. Kwa hiyo jibu langu ni la fundi, si la dalali.

E-Type lilizinduliwa Geneva Machi 1961, likaundwa hadi 1974. Watu huliangalia boneti lile refu wakasahau kuinama. Inama. Bodi ni ya chuma, na kutu hupenda sakafu na vizingiti vya chini ya milango, sehemu zilezile zinazolibeba gari. Zikioza hapo, rangi mpya haikusaidii kitu.

Klachi ikiisha, injini na giaboksi hutoka pamoja. Breki za nyuma nazo hazipo kwenye magurudumu, zimebanwa ubavuni mwa difu, ile kasha ya gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma. Sili za difu zikivuja, oili inaloanisha breki hizo, na mara nyingi njia ya kuzifikia vizuri ni kushusha mfumo wote wa nyuma. Muuzaji akikwambia breki ni kazi ndogo, muulize nani atalala chini ya gari.

Lakini kwenye spea mzee anamshinda kijana. Karibu kila kitu cha E-Type bado kinatengenezwa na karakana za hapa, mpaka boneti lenyewe. Tena gari lililopita miaka 40 unaweza kuliandikisha kama la kihistoria, usilipe kodi ya barabara.

NSX lilianza kuuzwa 1990. Bodi nzima alumini, injini ya V6 ya lita 3.0 nyuma ya viti. Ayrton Senna, bingwa wa mbio za Formula 1, alilijaribu kwenye uwanja wa Suzuka, Japani, likiwa bado linaundwa, na Honda wakaikaza zaidi chesisi yake. Asubuhi ya baridi unawasha, linawaka. Kiyoyozi kipo, mbele unaona vizuri, kazini unakwenda nalo. Nasema wazi: kuliendesha ni kutamu kuliko E-Type.

Ngoja ligongwe. Alumini hainyooshwi na kila fundi wa bodi, na baadhi ya spea Honda wameshaacha kuzitoa. Giaboksi za mwanzo za gia 5, baadhi yake, zina pete ya ndani inayoweza kukatika na kuharibu giaboksi yote. Uliza namba ya giaboksi kabla ya kuuliza bei. Mkanda wa taiming nao huzeeka kwa miaka, hata gari likiwa limelala. Kilomita chache zisikudanganye, dai risiti.

Kama huna gereji wala fundi unayemwamini, chukua NSX la gia za mkono lenye faili nene la risiti. Kama unapenda kuchafua mikono, tafuta E-Type la lita 4.2, lililoanza kutoka mwishoni mwa 1964. Gia yake ya kwanza inaingia bila ugomvi, tofauti na ile ya lita 3.8, na viti vyake vinakalika. E-Type la V12, yaani injini ya silinda 12, lililoanza 1971, nawaachia wenye visima vya mafuta.

Lolote utakalochagua, andikishianeni na kampuni ya bima thamani ya gari kabla hujalitoa kwa muuzaji. Likishapata ajali, wao ndio watakaopanga bei.