Injini Imechoka: Kuifungua au Kununua Nyingine?

Pikapu yangu ya dizeli, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikibeba ndizi kutoka Tukuyu hadi Mwanjelwa jijini Mbeya, iliwahi kuchemka mlimani kabla ya kufika Isyonje, na nilipochomoa kijiti cha kupimia nilikuta oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Fundi wa kwanza hakushika hata spana. Alisema injini imekufa, ninunue nyingine. Nusura nitume fedha Dar es Salaam siku hiyo hiyo.

Fundi wa pili alifungua hedi, yaani sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda, akalaza rula ya chuma juu yake na kupenyeza vibati vyembamba vya kupimia, akanionyesha kwamba imepinda, ilhali kuta za silinda zilikuwa bado laini, hazijalika. Hedi ilisawazishwa, gasketi inayoziba kati yake na injini ikabadilishwa, na gharama yote haikufika robo ya bei ya injini niliyotaka kununua. Chanzo kilikuwa mfuniko wa rejeta, yaani chombo cha kupozea maji ya injini, uliokauka mpira ukashindwa kubana presha. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako maji yasiyobanwa kwa presha huchemka yakifika nyuzi joto 94 hivi, na Isyonje iko juu zaidi, hivyo mfuniko usiobana ambao ungevumilika kwa muda kule pwani huku kwetu huunguza hedi mapema. Ningefunga injini nyingine na kuuacha mfuniko ule ule, ningeiua nayo pia.

Ndiyo maana namshauri mwenye gari asikubali kuambiwa injini imekufa kabla ya kuonyeshwa kilichoiua. Wala gari kuwa zito mlimani na kutoa moshi mweusi kidogo si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa hewa ya nyanda za juu ni nyepesi na dizeli haiungui vizuri kama kule bondeni.

Miaka minne baadaye hali ilikuwa tofauti. Gari lilikuwa likinywa oili na kutoa moshi wa bluu, na fundi yule yule alipofungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma, moshi ulitoka kwa mapigo hadi akageuza uso. Silinda zilikuwa zimelika, na krenki, mtaimbo unaozungushwa na pistoni, ilikwisha kuchongwa hadi saizi ya mwisho ya beringi, hivyo isingechongwa tena. Hapo nilinunua injini iliyotumika bila kusita.

Ukifikia hatua hiyo, isikilize ikiwashwa ikiwa baridi, kwa sababu injini iliyopashwa moto kabla hujafika dukani huficha mengi. Muuzaji wangu wa kwanza alikuwa ameshaiwasha tangu asubuhi, nami nikaondoka. Chukua risiti yenye namba ya injini, kwa kuwa namba hiyo imo kwenye kadi ya gari na mabadiliko yake yanapaswa kufikishwa Mamlaka ya Mapato (TRA). Mimi nilichelewa kufanya hivyo, na mnunuzi wa pikapu yangu alikataa kunilipa mpaka kadi iliporekebishwa.