Lengalenga ya hapa na unga wa kunyonya madini

Swali: Mimi ni mama wa watoto watatu, komini ya Kenya, Lubumbashi. Nimeacha mboga zinazopitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Nanunua lengalenga (mchicha) kwenye bustani ya upande wa Penga Penga, ingali na umande. Naikata, halafu naiweka nusu saa ndani ya maji ya chumvi na siki. Sokoni wananishauri niongeze unga wa kunyonya madini. Je, niununue au chumvi inatosha?

Jibu: Mama, huo unga usinunue. Swali lako naletewa karibu kila juma. Wengine hutaja Javel, ile dawa ya kung'arisha nguo, wengine maji ya mkaa, lakini wasiwasi ni ule ule.

Mboga ya karibu umeichagua kwa sababu nzuri. Jani likishakatwa linaendelea kupumua, na vitamini C yake inapungua kila saa linayokaa kwenye joto. Kutoka Kasumbalesa ni karibu kilomita 90, bado hujahesabu foleni ya mpaka. Pesa nayo inabaki kwa mama wa bustani. Hapo sibishani.

Kinachonichosha ni hili wazo kwamba mboga ikiwa "ya hapa" basi ni safi, na kama si safi, kuna kitu cha kutia ndani ya beseni. Madini yenye sumu yanaifikia mboga kwa njia mbili. Kuna vumbi linalotua juu ya jani, hasa wakati wa kiangazi, na hilo maji ya kawaida yanaliondoa. Risasi nyingi huja kwa njia hiyo. Halafu kuna yale yanayopandishwa na mizizi: kadimi, kobalti, shaba. Hayo yako ndani ya nyama ya jani. Chumvi haiyafikii, na moto hauyaunguzi. Ni kama kusugua ganda la yai ukitaka kiini kibadilike rangi.

Na Penga Penga, mama! Shaba ilianza kuyeyushwa hapa mwaka 1911. Upepo wetu mara nyingi unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi wa ile dohani ndefu ya kiwanda cha shaba ulikuwa unaangukia kaskazini-magharibi, miaka na miaka. Penga Penga iko huko. Watu wananiambia moshi umepungua, udongo umepumzika. Madini hayaozi, Mama. Yaliyotua enzi za babu bado yako pale pale.

Mwenye bustani anaweza kupunguza. Udongo wetu una asidi, na asidi ndiyo inayoyafungua madini mengi yaingie kwenye mizizi. Chokaa ikipandisha pH, yaani kipimo cha asidi (namba ikipanda, asidi inapungua), hadi 6.5 hivi, pamoja na samadi ya kutosha, kadimi inashikwa udongoni. Inashikwa tu, haiondoki. Baada ya misimu kadhaa ya mvua asidi inarudi na chokaa inatakiwa tena. Kwenye udongo wa namna hiyo ningepanda nyanya, biringanya au mahindi, kwa sababu madini huwa machache zaidi kwenye tunda na mbegu kuliko kwenye majani. Lengalenga ningeitafuta upande upepo unakotoka, mbali na dohani, na ningetaka kuona kwa macho yangu maji ya kumwagilia yanachotwa wapi. Maji ya mto uliopita chini ya usini (kiwanda), hapana.

Sasa huo unga. Kama sashe ya sokoni ingeweza kuvuta kobalti kutoka ndani ya jani, makampuni yasingehangaika kuchimba mashimo. Yangenunua unga wote wa soko la Njanja kwa siku moja. Nilizowahi kufungua hazina jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo. Nyingine zinafanana na pemba iliyosagwa, ule udongo wa kuliwa, na udongo huo wenyewe unaweza kuwa na risasi. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto anayekua, na ya mama mjamzito inavuka hadi kwa mtoto tumboni. Muuzaji anayekuambia dawa yake "inasafisha damu" na "inasafisha mboga" kwa kijiko kile kile, mwulize anavipimaje. Mimi nimewauliza wengi. Wanahamia kwa mteja mwingine.

Lengalenga yako ioshe mara mbili au tatu kwa maji safi, ikiwa nzima, kabla ya kuikata. Ukiikata kwanza na kuiloweka nusu saa, vitamini uliyoifuata asubuhi na mapema unaimwaga pamoja na siki.