Vijiti vyote vipo, data haitembei: maswali yenu

Simu inaonyesha vijiti vyote vya mtandao, lakini video inazunguka tu. Simu ni mbovu?

Mara nyingi simu haina kosa. Vijiti vinapima nguvu ya mawimbi baina yako na mnara. Havisemi mko wangapi. Masafa ya redio ya mnara ni ya kugawana, na watu wakifurika kila mtu anaambulia tone. Ndiyo maana penye watu wengi kampuni za simu husogeza minara karibu karibu: eneo likikatwa vipande vidogo, masafa yale yale hutumika tena na tena. Jaribu video hiyo hiyo usiku wa manane, wengi wakiwa wamelala, hapo hapo ulipo.

Baba anasema zamani intaneti ya simu ililipiwa kwa dakika. Ananitania?

Hakutanii. GSM, mfumo wa simu wa 2G ulioanza Finland mwaka 1991, ulijengwa kwa ajili ya kuongea. Data ilipokuja ikapitishwa njia ile ile ya sauti: simu inapiga, laini inashikiliwa, dakika zinahesabiwa hata ukiwa umetulia unasoma. Na kasi yenyewe, kilobiti 9.6 kwa sekunde! Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaja GPRS, inayokata data katika pakiti, yaani vipande vidogo, na kuzisafirisha pale tu zinapohitajika. Hapo ikawezekana kulipia kiasi ulichotumia badala ya muda. Mimi nayaona hayo kuwa mapinduzi makubwa kuliko 3G na wadogo zake wote. Bila hayo usingenunua bando.

Nani walitangulia kuieneza intaneti ya simu kwa watu wengi?

Wajapani. Kampuni ya simu ya NTT DoCoMo ilizindua i-mode, huduma yake ya intaneti ya simu, Februari 1999, watu wakasoma barua pepe kwenye simu za vitufe, na 3G ikafuata Oktoba 2001.

Nimeambiwa kasi ni megabiti 20 kwa sekunde. Mbona faili la megabaiti 20 halishuki kwa sekunde moja?

Baiti moja ni biti nane. Ngoja sekunde nane, mtandao ukiwa na hisani.

Nikipigiwa simu, intaneti inakata. Kwa nini?

4G haikuachiwa njia ya sauti ya kizamani. Simu isiyotumia VoLTE (njia ya kuongea kupitia 4G yenyewe) hushuka hadi 3G au 2G ili uongee, na ikifika 2G data kwa kawaida husimama mpaka ukate. Angalia kwenye mipangilio, uwashe VoLTE kama simu na kampuni yako zinaikubali. Hapo sauti yako nayo itakatwa pakiti na kusafiri kama data.