Kruzi haijui maana ya matawi barabarani

Baadhi ya gari zilizotumika zinazotoka Japani siku hizi zina kruzi kontroli yenye rada, yaani mfumo unaoshika mwendo bila wewe kukanyaga mafuta. Unaipangia mwendo, ikikuta gari mbele inapunguza yenyewe, njia ikifunguka inaongeza. Kwa safari ya Mtwara hadi Dar es Salaam inapumzisha mguu kweli. Ila ujue inaona nini.

Inaona vizuri gari linalotembea kuelekea unakoelekea. Kilichosimama mara nyingi inakipuuza kwa makusudi, la sivyo ingefunga breki kwenye kila kibao na kingo za daraja. Sasa chukua lori lililokufa njiani karibu na Nangurukuru. Utingo ameshatandaza matawi. Uko nyuma ya gari linalokwenda 70, kruzi umeipanga 100. Wa mbele anayaona matawi, anakwepa kulia. Rada inaona njia nyeupe, gari lako linachomoka kutafuta 100, na lori hilo hapo. Ukiona matawi, kanyaga breki. Hapohapo kruzi inajitoa. (Matawi mengine huachwa siku kadhaa baada ya lori kuondoka. Kanyaga tu.)

Kitufe chenye picha ya gari na vistari ndicho cha umbali. Weka vistari vyote. Kwa mwendo wa 80 unakula mita 22 kila sekunde, kwa hiyo nafasi ya sekunde 2 ni mita 44 tu. Watu watakuchomekea. Waache.

Kwenye vijiji vya 50, izime kabla ya kibao, na usiwahi kubonyeza RES. Kitufe hicho kinakumbuka mwendo wa zamani: ukikibonyeza bado uko katikati ya Mtama, gari linaondoka kudai 100 yake mbele ya watoto wa shule. Toka kijijini kwanza, ongeza kwa mguu, kisha bonyeza SET, kitufe cha kupanga mwendo, upya.

Kona za Mikindani, usiitumie. Kwenye kona rada hupotezana na gari la mbele, ikadhani njia ni tupu. Msimu wa korosho baiskeli zenye magunia ni nyingi, na baiskeli ni nyembamba, inaweza isionekane kabisa. Mvua za Desemba hadi Aprili, vilevile izime: tairi likianza kuelea juu ya maji, kruzi bado inadai mwendo.

Rada yenyewe hukaa nyuma ya nembo ya mbele au chini kwenye bampa. Futa tope, na usiifunike kwa ngao. Gari likigongwa mbele hata kidogo, usiridhike na bampa kunyooka na rangi kung'aa. Rada ipimwe upya kwa mashine. Ikipinda nyuzi 1 tu kwenda kushoto, mita 100 mbele inaangalia karibu mita 2 pembeni, kwa mwenye baiskeli, huku basi lililo mbele yako halifuatwi na yeyote.