Slagi zinatawanyika kwa yadi 50? Angalia mtutu kwanza

Ndugu yangu wa Iowa, nimekuelewa: shotigani ya geji 12, mtutu laini ndani, slagi (risasi moja nzito badala ya chembe nyingi) za saboti za bei mbaya, na kwa yadi 50 kila moja inakwenda kwake. Macho yako hayana kosa. Saboti, lile gamba la plastiki, linahitaji mtutu wenye mifereji ndani ili slagi izunguke. Kwenye mtutu laini inapepesuka tu. Tumia slagi za kawaida, zenye mistari ubavuni na uwazi nyuma. Ni nafuu pia.

Kabla ya kununua, soma maandishi ubavuni mwa mtutu. Chemba, pale katriji inapokaa, ikiwa ya inchi 2¾, usitie katriji ya inchi 3, hata ikiingia. Na mara nyingi itaingia, hapo ndipo hatari ilipo. Choki, ule mbano wa mdomo wa mtutu, iwe ya wazi. Ile ya kubana sana, ya kuwindia batamzinga, iache nyumbani.

Nunua aina mbili tatu, boksi mojamoja. Anza yadi 25, bunduki ikiegemea mfuko wa mchanga, piga tatutatu, kisha sogea 50. Zinazokusanyika ndani ya sahani ya kikombe ndizo zako. Umbali zinapoanza kutoka nje ndio mwisho wako porini. Ukianza kufumba macho kabla ya kufyatua, bega limechoka, acha.

Vaa kinga ya masikio. Nyuma ya shabaha pawe na tuta la udongo, maana slagi husafiri mbali. Katriji zikikwama, au ukiona mtutu umevimba, usijaribu tena: mpelekee fundi wa bunduki.