Tyubu laiti: swichi ya ukutani haitoshi

Ninapobadilisha tyubu, nikishazima swichi ya ukutani, kuna haja gani ya kuzima na meni swichi?

Haja ipo. Zipo nyumba ambazo fundi alikatiza nyutro (waya wa kurudisha umeme) kwenye swichi badala ya waya wa moto (unaouleta). Taa inazimika, lakini volti 230 zimebaki kwenye choki (kifaa cha kudhibiti umeme wa tyubu) na holda (vishikio vya ncha zake), na ukiishika pini ya tyubu ukiwa juu ya ngazi ya chuma, njia ya kwenda ardhini ni wewe. Dalili mojawapo: tyubu imezimwa lakini usiku ina mwanga hafifu. Jaribu testa kwanza kwenye soketi yenye umeme ujue inafanya kazi, zima meni swichi, kisha pima holda za pande zote mbili. Ngazi iwe ya mbao au faiba, mikono mikavu. Kama swichi kweli iko kwenye nyutro, mwite fundi mwenye leseni airekebishe.

Tyubu yangu imekwama. Niivute?

Usiivute. Ikishapoa, ishike karibu na ncha zote mbili, izungushe robo mzunguko hadi pini ziangalie mdomo wa holda, ndipo uishushe. Ikilazimishwa, kioo hupasuka pale kinapoungana na kofia, mkononi mwako.

Ncha zinawaka nyekundu, katikati giza. Ni tyubu?

Mara nyingi ni stata (kikopo kidogo cha kuwashia tyubu) iliyoganda, yaani koleo zake za ndani hazifunguki tena. Usiiache hivyo, kwani inaunguza tyubu na kuchemsha choki. Soma maandishi ya stata kabla ya kununua: tyubu moja ya futi 4 ya wati 36 kwenye choki yake hutumia ya wati 4–65, ila tyubu mbili za wati 18 zinazotumia choki moja huhitaji zile za wati 4–22, moja kwa kila tyubu. Hapo ndipo wengi hununua isiyofaa, kwa kuwa kwa macho zinafanana. Ncha zikiwa nyeusi tii, tyubu yenyewe imechoka. Badilisha na stata pamoja, bei yake ni ndogo.

Nimenunua tyubu ya LED. Naichomeka tu?

Soma karatasi yake kwanza. Aina nyingi za LED za kuweka kwenye fremu yenye choki ya sumaku huja na stata yake ya bandia, ambayo ndani ni fyuzi tu. Toa ya zamani, weka hiyo. Usije ukarudisha tyubu ya kawaida na stata hiyo ikiwa bado imo: ncha zitawaka mfululizo hadi ziungue. Fremu ya choki ya elektroniki haina stata, na si kila LED inakubaliana nayo.

Aina nyingine hutaka choki iondolewe, moto na nyutro viingie upande mmoja. Hiyo ni kazi ya fundi, na fremu ibandikwe maandishi "LED TU". Mtu akija kuweka tyubu ya kawaida humo, umeme unapita kwenye nyuzi zake bila choki ya kuuzuia, na breka ikichelewa kukata tyubu huungua palepale.

Imeanguka ikavunjika. Nifagie?

Ufagio hutawanya zebaki iliyomo ndani ya tyubu, nayo ni sumu. Toa watoto, fungua madirisha, ondokeni dakika 15. Kisha vaa glavu, kusanya vipande kwa karatasi ngumu, vumbi lililobaki liokote kwa selotepu, futa kwa kitambaa kibichi, tia vyote kwenye chupa yenye kifuniko. Usivichome.